Mtambo umejibu, lakini sicho nilichouliza: kutatua matatizo ya Wolfram Alpha

Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliingia ofisini na simu mkononi. "Mwalimu, hii kitu inasema logi ya mia ni nne nukta sita." Nikamwambia iko sahihi. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, maana ni mimi huyohuyo niliyemfundisha kwamba logi ya 100 ni 2.

Kisa chake nitakieleza mbele. Nimekitanguliza kwa sababu malalamiko karibu yote ninayoletewa kuhusu mtambo huu yana sura hiyo: hesabu imekwenda sawa, ila swali lililokokotolewa si lile alilokuwa nalo mwulizaji kichwani.

Wolfram Alpha ulifunguliwa kwa umma Mei 2009. Mwenyewe ni kampuni ya Stephen Wolfram, mwanasayansi mzaliwa wa London, yenye makao yake Champaign, jimbo la Illinois, Marekani. Ndani yake inafanya kazi Mathematica, programu ya hesabu ambayo kampuni hiyohiyo iliitoa mwaka 1988, pamoja na majedwali ya data yanayokusanywa na kukaguliwa na watu wake. Kwa hiyo hauendi kukutafutia kurasa za watu wengine kama Google, wala haubahatishi neno linalofuata kama programu za kuzungumza nazo. Unasoma swali, unaligeuza kuwa amri ya kukokotoa, kisha unakokotoa. Kwa umri ni mkongwe, lakini kila mwaka napata darasa zima ambalo ndiyo kwanza linaufungua, na matatizo yao ni yaleyale.

Kabla ya kutafuta kosa lolote, tazama kisanduku cha kwanza juu ya jibu. Kwenye hesabu tupu kimeandikwa "Input", kwenye maswali ya maneno "Input interpretation". Humo mtambo unakueleza ulivyokuelewa. Juu yake mara nyingi pana mstari mdogo unaoanza na "Assuming", yaani umekisia nini, na pembeni pana chaguo la kubonyeza kama umekisia vibaya. Wanafunzi wangu huuruka mstari huo wakakimbilia jibu. Nami niliuruka miezi mingi, sina haki ya kuwacheka.

Unasema haujaelewa

Kiswahili hakimo. Ukiandika "eneo la duara lenye nusu kipenyo 7" utaambiwa swali halijaeleweka, na kosa si lako. Andika kwa Kiingereza kifupi, hata kilichovunjika: area of circle radius 7. Sarufi haina kazi hapa. Anayejua Kiingereza kingi ndiye anayepata shida zaidi, kwa sababu anaandika insha: salamu, maelezo, halafu swali. Mtambo unataka majina ya vitu, namba na vipimo.

Chukua mfano wa fundi anayetaka kuvuna maji ya mvua. Paa lake ni mita 12 kwa 8, na mvua ya siku moja imenyesha milimita 40. Akiandika habari yote hiyo kwa sentensi, huenda akaambulia patupu. Akiandika

12 m * 8 m * 40 mm in liters

anapata lita 3,840, bila kuhangaika kugeuza milimita kuwa mita. Hapo ndipo mtambo huu unaponifurahisha kuliko kikokotoo chochote: unabeba vipimo pamoja na namba. Ukijumlisha mita na kilo utakukatalia, na kukataa huko ni msaada. Lita hizo, bila shaka, ni za paa lisilovuja na mfereji usioziba.

Yapo pia maswali ambayo hayana dawa. "Kwa nini bei ya unga imepanda", "shule gani nzuri", "nani alistahili kushinda": hakuna fomula, basi hakuna jibu.

Unajibu neno moja tu la swali lako

Dalili yake ni maandishi yanayosema unatumia tafsiri iliyo karibu zaidi, "Using closest Wolfram|Alpha interpretation", kisha linakuja jibu la jambo ambalo hukuliuliza. Wewe umeandika maneno sita, mtambo umeelewa mawili, na hayo mawili ndiyo uliyoyajibu. Usilihangaikie jibu hilo. Futa, anza na swali dogo linaloeleweka, kisha ongeza kitu kimoja kimoja mpaka uone neno gani linauchanganya.

Majina yanayoshirikiwa na vitu viwili huleta shida nyingine inayofanana na hii. Congo ni nchi mbili. Georgia ni nchi, na ni jimbo la Marekani. Victoria ni ziwa letu, ni jimbo la Australia, ni mji mkuu wa Shelisheli. Mercury ni sayari na ni zebaki. Mtambo utachagua mmoja na kukutajia kwenye mstari wa "Assuming". Ongeza neno la kutofautisha: Lake Victoria, Democratic Republic of the Congo.

Hesabu za shuleni zinatoka tofauti

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiko kunakoumiza watu usiku wa kuamkia mtihani.

Turudi kwenye logi ya mia. Ukiandika log 100, mtambo unachukua logi asilia, ile yenye kitako e, na kutoa 4.60517. Wanahisabati wa vyuo vikuu huandika hivyo. Sisi sekondari tunapoandika log bila kitako tuna maana ya kitako 10. Bonyeza chaguo la kitako 10 lililo kwenye mstari wa juu, au andika mwenyewe log10(100). Yule kijana alibonyeza, 2 ikatokea, rangi ikamrudi usoni.

Ukiwa na sine, kosine au tanjenti, taja kipimo cha pembe kila mara. Sine ya nyuzi 30 ni 0.5, ila sine ya radiani 30 ni karibu -0.988. Mtambo hukisia kwa kuangalia ulivyoandika, na makisio yake hayatabiriki kwa anayeanza. Andika sin 30 degrees umalize ubishi.

Kipeuo cha tatu cha -8 huwatisha wengi. Kitabuni ni -2. Ukiandika (-8)^(1/3) unapewa 1 + 1.732i, namba changamano. Namba hiyo nayo ukiizidisha yenyewe mara tatu unapata -8, jaribu kwa mkono kama una dakika mbili. Namba hasi ina vipeuo vya tatu vitatu, na mtambo umechagua ule ambao kanuni za namba changamano huuita mkuu. Unaotaka wewe ni ule wa namba halisi: tafuta chaguo la "real-valued root" juu ya jibu.

Herufi i na e usizipe kazi zako. Nilikuwa nikitayarisha swali la riba, mkopo wa shilingi 500,000 kwa miaka 3, na kwa mazoea ya vitabu vya biashara nikaandika riba kama i: 500000*(1+i)^3. Jibu: -1000000 + 1000000i. Mkopo umegeuka deni hasi la milioni moja na milioni nyingine ya kufikirika! Kwa mtambo, i ni kipeuo cha pili cha -1 na e ni 2.718 na kuendelea, basi. Tumia r, au weka namba yenyewe. Kwa riba ya asilimia 12 andika 500000*1.12^3, utapata 702,464.

Kuhusu mabano, -3^2 ni -9, kwa kuwa kipeo hutangulia alama ya kutoa. Ukitaka 9 andika (-3)^2. Mstari wa sehemu nao unapouandika kwa mkwaju hupoteza urefu wake: kitabuni umefunika maneno yote ya chini, kwenye simu umebaki "/" moja isiyojua inafunika nini. Kwa hiyo x+1 juu ya x-2 iandikwe (x+1)/(x-2). Mabano ya ziada hayadhuru kitu. Mimi huyamwaga kama chumvi ya mpishi asiyejiamini.

Kunakili swali kutoka kwenye PDF ni balaa la peke yake. Vipeo vilivyoandikwa juu kidogo hushuka vikawa namba za kawaida, x² ikawa x2. Alama ya kutoa inaweza kuwa kistari kirefu kisicho alama ya kutoa. Kuzidisha kwa herufi x kunachanganywa na x ya mlinganyo. Piga swali upya kwa vidole: * kwa kuzidisha, ^ kwa kipeo. Kisha angalia simu isikusahihishie maneno, maana "cos" hugeuzwa neno lingine kabla hujapepesa.

Na kwa wasomaji wa Kongo na Burundi waliosoma kwa mtindo wa Kifaransa: nukta ya desimali hapa ni nukta kweli. Ukiandika 3,5 ukitaka tatu na nusu, mtambo unaweza kuiona ni orodha ya namba mbili, 3 na 5.

Jibu ni sahihi ila halifanani na la nyuma ya kitabu

Tafuta intigrali ya sin x cos x. Kitabu kinasema nusu ya sine mraba, mtambo unasema hasi nusu ya kosine mraba. Nani mwongo? Hakuna. Toa moja kwa nyingine unabaki na nusu, namba isiyobadilika, nayo inamezwa na ile C tunayoisahau mwisho wa jibu. Nina desturi ya kumwambia mwanafunzi aandike jibu la kitabu, kutoa, mabano, jibu la mtambo, na mbele aweke simplify. Ikitoka 0, ni jibu moja lililovaa nguo mbili. Ikitoka namba tupu na swali ni la intigrali, pia salama. Ikibaki x ndani, basi kuna aliyekosea, na ningeanza kukagua ulivyoandika swali.

Jambo dogo la jamii hiyo: umetaka 0.714 ukapewa 5/7. Mtambo huanza na namba kamili isiyokatwa, desimali iko kisanduku cha chini yake. Shuka tu.

Vipimo na fedha

Wamarekani wana ton yao ya ratili 2,000, sawa na kilo 907 hivi. Tani yetu ni kilo 1,000. Galoni yao ni lita 3.785, ile ya Kiingereza iliyozoeleka kwa wazee wetu ni lita 4.546. Kwenye tangi la galoni 1,000 tofauti hiyo ni zaidi ya lita 760, yaani mapipa matatu na kitu ya lita 200. Andika metric tons. Andika imperial gallons. Ikiwezekana andika lita tangu mwanzo.

Debe, pishi, kibaba na gunia usivitegemee huko. Geuza mwenyewe kwanza: debe ni lita 20, basi madebe 6 ni 6 * 20 liters. Lumbesa hakuna mtambo duniani utakaoikokotoa, hilo ni suala la mkulima na dalali.

Kwa fedha, neno "shillings" peke yake ni mtego, kwa kuwa Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia zote zina shilingi. Tumia TZS, KES, UGX. Na ukiona kiwango cha dola kimepishana na ulichopewa dirishani, usigombane na mwenye duka la fedha kwa ushahidi wa simu. Mtambo unaonyesha kiwango cha soko, wao wana bei ya kununua, bei ya kuuza na faida yao katikati.

Tarehe na saa zimeruka

Muulize mtu yeyote Tanzania 9/12/1961 ni siku gani, atakwambia siku ya Uhuru, na kalenda itasema ilikuwa Jumamosi. Mtambo ukiisoma Kimarekani, mwezi kwanza, hiyo ni tarehe 12 Septemba 1961, Jumanne. Utaona chaguo la kugeuza mpangilio kuwa siku, mwezi, mwaka. Dawa ya kudumu ni kuandika mwezi kwa jina: 9 December 1961. Hatari ya kuandika kwa namba tupu ni kwamba tarehe kama 25/12 hazikupi dalili yoyote, mwezi wa 25 haupo hivyo mtambo hujirekebisha kimyakimya. Zinazodanganya ni zile za siku ya 12 kushuka chini.

Saa je? Mtambo haujui saa ya Kiswahili. Saa tatu asubuhi ni 9 am. Kijana mmoja alitaka kujua atampigia saa ngapi dada yake aliyeko Toronto, akaandika 3 am kwa maana ya saa tatu asubuhi. Nilimwuliza kama dada yake huwa ana usingizi mzito.

Na ukiandika weather au sunrise bila mji, mahali pako panakisiwa kutokana na njia inayopita intaneti yako. Data ya simu mara nyingi hutokea mji mwingine, kwa hiyo uliyeko Songea usishangae kupewa mawingu ya Dar es Salaam. Taja mji na nchi.

Idadi ya watu haifanani na ya sensa

Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120. Ya Kenya, mwaka 2019, ilihesabu 47,564,296. Mtambo unaweza kukupa namba nyingine, kwa sababu makadirio ya mashirika ya kimataifa na hesabu ya mlango kwa mlango ni vitu viwili. Tafuta mwaka ulioandikwa kwenye mabano karibu na namba, kisha shuka chini ya ukurasa uone data imetoka wapi. Kwa kazi ya shule ningetaka mwanafunzi aandike namba ya sensa na aitaje kuwa ya sensa. Miji midogo na kata ni afadhali kuziacha kabisa huko, takwimu zake zikiwemo huwa za zamani.

Muda umekwisha, au ukurasa ni mtupu

Ujumbe "Standard computation time exceeded" maana yake kazi ni nzito kuliko muda unaotolewa bure, na hapo utaalikwa kulipia. Kabla ya kutoa pesa, igawe kazi: omba jibu la desimali badala ya la herufi, punguza visivyojulikana, au taja eneo la x unalotaka, mfano from 0 to 10. Maelezo ya hatua kwa hatua nayo kwa sehemu kubwa yako upande wa kulipia. Jibu la mwisho ni la bure, na kwa maoni yangu mwanafunzi mwenye jibu la mwisho anayelazimika kuitafuta njia mwenyewe amepata mpango mzuri zaidi wa hiyo miwili.

Ukurasa ukifunguka bila majibu, kwanza jaribu kivinjari kingine. Majibu hujengwa baada ya ukurasa kufika, kwa hiyo vivinjari vinavyobana data huweza kukuachia kisanduku cha swali peke yake. Zima kubana data, fungua upya, subiri. Mtandao ukiwa wa kusuasua, swali fupi lenye jibu moja hupita pale ambapo grafu zinakwama.

Tarehe ya Idi imepishana na ya msikitini

Hili huulizwa kila mwaka Ramadhani inapokaribia kwisha. Mtambo unageuza tarehe kwenda kalenda ya Kiislamu kwa fomula, na fomula haipandi juu ya paa kutazama magharibi. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30 kutegemea mwandamo, na kuna mawingu, na kuna wanaofuata mwandamo wa hapa na wanaofuata wa Makka. Tofauti ya siku moja si hitilafu ya kurekebishwa. Tarehe ya mtambo itumie kuomba likizo na kukata tiketi ya boti mapema. Ya kupika pilau isubiri tangazo la Mufti au Kadhi Mkuu.